Adhabu Ina Mwisho: Majibu kwa Wanaosema Aliyefungwa Asirudi Mtaani

Kuna maneno ambayo mkazi wa Arusha huyasikia kila karandinga linapopita barabara ya Dodoma kuelekea Kisongo, na huyasikia tena kila Aprili na Desemba redio inapotangaza msamaha wa Rais. Yanasemwa kwenye vifodi, kwenye vijiwe vya kahawa vya Ngarenaro, kwenye mikutano ya mtaa kule Ngaramtoni na Usa River. Aghalabu wanaoyasema ni watu wema, walioibiwa kweli, wenye watoto wa kulinda. Ndiyo maana nayajibu moja moja, kwa sheria iliyopo na kwa mambo yaliyotokea hapahapa chini ya Mlima Meru. Naamini maneno hayo yanatudhuru sisi kuliko yanavyomuumiza huyo tunayemsema.

“Aliyeko Kisongo ni mhalifu, angekuwa mwema asingekuwa mle”

Gereza Kuu la Arusha, ambalo wengi hulijua kwa jina la Kisongo tu, lina wafungwa na lina mahabusu. Mfungwa amehukumiwa. Mahabusu anasubiri kesi yake, na Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mtu aliyeshtakiwa kutendewa kama mwenye kosa mpaka kosa hilo lithibitike. Kwa miaka mingi mahabusu wamekuwa karibu nusu ya watu wote waliomo katika magereza ya nchi hii. Karandinga unalolinyooshea kidole barabarani mara nyingi linawapeleka mahakamani watu ambao hakuna hakimu aliyekwisha kuwaona na hatia.

Wapo walio mle kwa sababu makosa wanayoshtakiwa hayana dhamana: mauaji, uhaini, unyang'anyi wa kutumia silaha, utakatishaji fedha. Kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai kinaufunga mlango huo hata kabla mshtakiwa hajasikilizwa. Mei 2020 Mahakama Kuu iliona kifungu hicho kinavunja Katiba. Agosti ya mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ikakirudisha. Wapo pia wenye haki ya dhamana ila hawana ndugu mwenye hati ya kiwanja wala mwajiri wa kuwasimamia, na umaskini wao ndio unaowaweka ndani.

Mji huu una mfano unaojulikana na kila mtu. Godbless Lema, aliyekuwa Mbunge wa Arusha Mjini, alikamatwa mapema Novemba 2016 na akakaa mahabusu Kisongo hadi Machi 2017 alipopata dhamana. Alipotoka alipokelewa na umati na akarudi bungeni. Chalii wa Unga Limited anayekaa mle miezi hiyohiyo kisha akafutiwa kesi hana kiti kinachomngoja. Chumba kimeshapangishwa mwingine, pikipiki ya mkataba imeshachukuliwa na mwenyewe, na mwenyekiti wa mtaa anasita kumwandikia barua. Wote wawili hawakuhukumiwa. Tunamtofautishaje mmoja na mwenzake, kama si kwa jina na pesa?

“Wanakula na kulala bure kwa kodi zetu”

Wazo hili liliwahi kusemwa hadi Ikulu. Julai 2018 Rais Magufuli, akimwapisha Kamishna Jenerali wa Magereza, alisema ni aibu taifa kuwalisha wafungwa, na akataka wafanye kazi usiku na mchana. Lakini wafungwa wa Tanzania wamekuwa wakifanya kazi tangu zamani. Wanalima mashamba ya magereza, wanajenga nyumba za askari, wanafyatua matofali, wanachonga samani. Ukivuka kwenda Moshi, Gereza la Karanga linajulikana kwa viatu. Shirika la Uzalishaji Mali la Magereza lipo kwa ajili hiyo. Ukweli ni kwamba anayekula ugali na maharage ya Kisongo ameulipia kwa jembe, na ameulipia pia kwa kukosa kuwaona wanawe wakikua.

Kuhusu kulala, nafasi za kisheria katika magereza yote ya Tanzania Bara zilitangazwa kwa miaka mingi kuwa 29,902, na idadi ya waliolazwa humo imekuwa ikipita hapo mara kwa mara. Anayedhani kulala sakafuni mmebanana ubavu kwa ubavu ni neema, sidhani kama yuko tayari kubadilishana usiku mmoja.

Kinachonisumbua katika dai hili si ugali. Ni kwamba tunauliza gharama ya kumlisha mtu gerezani, na hatuulizi gharama ya kumtoa akiwa hajui kazi yoyote zaidi ya alizozijua alipoingia. Kanuni za Umoja wa Mataifa za kuwatendea wafungwa, zilizofanyiwa marekebisho Desemba 2015 na kupewa jina la Nelson Mandela, zinasema katika kanuni ya 4 kwamba lengo la kifungo ni kuilinda jamii na kupunguza kurudia makosa, na kwamba lengo hilo hutimia tu ikiwa muda wa kifungo umetumika kumwandaa mtu kurudi. Kwa hesabu hiyo, siku ambayo mfungwa hakufundishwa kitu ndiyo siku tuliyomlisha bure.

“Msamaha wa Rais na paroli ni kuwafungulia majambazi”

Hapa inabidi twende taratibu, maana watu huchanganya mambo matatu.

La kwanza ni kupunguziwa theluthi. Sheria ya Magereza ya 1967 inampa mfungwa aliyehukumiwa zaidi ya mwezi mmoja nafasi ya kupunguziwa theluthi ya kifungo kwa bidii ya kazi na tabia njema. Anayesikia kwamba fulani aliyefungwa miaka mitatu ametoka baada ya miwili asidhani kuna aliyehongwa. Hakimu alipotoa hukumu alijua sheria hiyo ipo. Theluthi hiyo ndiyo inayomfanya mtu awe na sababu ya kuamka na kufanya kazi badala ya kupigana selo, na askari magereza yeyote mwenye uzoefu anajua ilivyo vigumu kuongoza gereza lisilo na tumaini.

La pili ni msamaha wa Rais, ambao msingi wake ni Ibara ya 45 ya Katiba. Takwimu hutisha zikisomwa haraka: 5,533 katika sherehe za Uhuru za 2019, 5,001 siku ya Muungano ya 2021. Lakini tazama ndani ya hesabu ya 2021. Kati ya hao 5,001, waliotoka siku ile walikuwa 1,516. Waliobaki 3,485 walipunguziwa muda na kurudi selo kuumalizia. Tena matangazo haya huwa na orodha ya wasiohusika, na makosa kama mauaji, ubakaji, unyang'anyi na dawa za kulevya ndiyo hutajwa humo. Wanaopewa nafasi ni wazee, wagonjwa wa maradhi mazito, wajawazito, akina mama wenye watoto wachanga, na waliobakiza muda mfupi.

La tatu ni paroli, na hili ndilo linaloeleweka vibaya kupita yote. Sheria ya Bodi za Parole ni ya 1994. Ilianza kwa kuwagusa waliofungwa miaka minane na zaidi, na baadaye kiwango kikashushwa hadi miaka minne. Mfungwa lazima awe ametumikia theluthi ya kifungo. Aliyefungwa maisha hahusiki, wala wa unyang'anyi wa kutumia silaha, wa dawa za kulevya, au wa ubakaji. Jina lake linapitia bodi ya mkoa na bodi ya taifa kabla ya kumfikia Waziri. Akitoka anaishi chini ya masharti na uangalizi mpaka kifungo chake kiishe, na akiyavunja anarudishwa.

Nikilaumu kitu kuhusu paroli, nalaumu uchache wake. Milango ni mingi na mfungwa asiye na ndugu wa kumfuatilia huchelewa katika kila mmoja. Na wale wanaoachwa nje ya sheria hiyo nao watatoka siku moja, bila afisa wa kuwatazama, bila masharti, bila mtu wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi atapunguziwa theluthi yake na kutoka akiwa mtu wa makamo asiyejua hata kutuma pesa kwa simu. Huyo ndiye anayehitaji uangalizi kuliko wote, na ndiye sheria imemwacha.

“Kufagia zahanati si adhabu”

Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 2002 inairuhusu mahakama kumpa mtu anayestahili kifungo kisichozidi miaka mitatu kazi ya bure ya umma badala ya gereza: shuleni, hospitalini, barabarani. Kijana aliyeiba kuku Sakina akifanya kazi hiyo mbele ya watu wanaomjua, huku akilala kwao na kuendelea kulisha wanawe, ameadhibiwa na bado ni mtu wa mtaa. Ukimpeleka Kisongo miezi sita anatoka akiwa ameishi na wazoefu. Sina zaidi la kusema hapo.

“Haki za wafungwa ni mambo ya wazungu”

Dai hili linaniuma, kwa sababu linageuza historia ya mlima huu kichwa chini miguu juu.

Gereza ndilo lililoletwa. Oktoba 1896 wamisionari wawili, Ovir na Segebrock, waliuawa Akeri, na Wajerumani wakajibu kwa kampeni za kijeshi zilizochoma nyumba na kuchukua ng'ombe wa Wameru na Waarusha. Kati ya 1899 na 1900 likajengwa Boma la Arusha, lile lile ambalo leo ni makumbusho pale mjini, kwa mikono ya wenyeji walioshurutishwa. Viongozi wa huku wakanyongwa. Mnyororo na viboko hamsa ishirini vilikuja na utawala huo. Waingereza walipochukua nchi wakavirithi na kuvipanga kisheria, na mwaka 1931 Idara ya Magereza ikatenganishwa na Polisi.

Kabla ya hapo aliyekosa alishughulikiwaje? Mwanaanthropolojia Mwingereza P. H. Gulliver aliishi na Waarusha miaka ya 1950 na kuchapisha utafiti wake mwaka 1963. Alichokikuta ni watu waliomaliza mashauri kwa mazungumzo. Ukoo wa mkosaji na rika lake walikaa na upande wa aliyekosewa, wakabishana, wakarudi tena siku nyingine, mpaka fidia ikakubaliwa. Hakukuwa na hakimu wa kuamuru. Wameru nao walikuwa na washili, viongozi wao wa koo. Sitaki kuyapamba mambo hayo. Wanawake hawakuwa na sauti sawa katika vikao hivyo, na mwenye ukoo mkubwa alikuwa na nguvu zaidi. Lakini lengo la kikao lilikuwa kwamba kesho watu hawa wawili waendelee kuchota maji kwenye mfereji mmoja. Kihamba, shamba la ukoo, hakihami, na jirani wa kihamba humchagui. Watu wanaoishi hivyo hawawezi kumudu adhabu isiyo na mwisho.

Halafu tuje karibu. Watu wakisikia Azimio la Arusha hufikiria Februari 1967 na Mwalimu Nyerere. Lakini Februari 1999 wakuu wa magereza wa Mashariki, Kati na Kusini mwa Afrika walikutana mji huuhuu, na tarehe 27 wakapitisha azimio lao kuhusu uendeshaji bora wa magereza. Walikubaliana kuheshimu haki na utu wa wafungwa, kuinua weledi wa askari, kuongeza uwazi, na kuzialika jumuiya za kiraia ziingie magerezani kushirikiana nao. Lilikuja baada ya Azimio la Kampala la 1996 na lile la Kadoma, Zimbabwe, la 1997 kuhusu huduma kwa jamii. Waliotia sahihi walikuwa wakuu wa majeshi ya magereza, watu wenye kofia na nyota, walioona kwa macho yao msongamano unavyowashinda.

Mwaka 1967 una jambo jingine. Ndio mwaka uliozaa Azimio la Nyerere, na ndio mwaka Bunge lilipotunga Sheria ya Magereza tunayoitumia mpaka leo. Nchi imebadilika tangu hapo. Tume ya kuangalia taasisi za haki jinai, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, ilizinduliwa Januari 2023 na kukabidhi ripoti yake Julai mwaka huo. Magereza yalikuwa miongoni mwa taasisi ilizozichunguza. Sheria ya gereza inayoanza na kufuli na kumalizia na urekebishaji haitoshi tena, na kusema hivyo hakuhitaji ruhusa ya Ulaya.

“Ile Mahakama ya Afrika kazi yake kutetea majambazi”

Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu ina makao yake Arusha, na kesi nyingi ilizopokea zimetoka Tanzania, sehemu kubwa zikiandikwa na wafungwa. Mfano ni kesi ya Alex Thomas dhidi ya Tanzania, iliyoamuliwa Novemba 2015. Alihukumiwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, na hakuwa na wakili wa kumtetea. Mahakama iliona haki yake ya kusikilizwa ilivunjwa. Haikuamuru aachiwe. Ilichosema ni kwamba mtu anayekabili kosa zito namna hiyo na hana uwezo anastahili msaada wa kisheria. Mwaka 2017 Bunge letu likapitisha Sheria ya Msaada wa Kisheria. Kuna jambazi gani aliyetetewa hapo? Aliyetetewa ni mkulima wa Engare Nanyuki ambaye kesho anaweza kusingiziwa na akasimama kizimbani peke yake.

Novemba 2019 serikali iliondoa tamko lililowaruhusu watu binafsi kwenda moja kwa moja katika mahakama hiyo, na baada ya mwaka mmoja mlango ukafungwa. Mfungwa wa Kisongo sasa yuko kilomita chache kutoka jengo ambalo haruhusiwi kuliandikia. Nasikitika sana kwa hilo.

“Mwizi ni mwizi, akitoka atarudi tu”

Katika madai yote hili ndilo lenye nguvu, kwa sababu mara nyingine hutokea kweli. Kila mtu anamjua mmoja aliyetoka na kurudi. Ila wale waliotoka na wakatulia hatuwahesabu, kwa kuwa wamenyamaza na hawataki mtu ajue. Mwashi anayekupigia lipu nyumbani kwako Moshono huenda alijifunza kushika mwiko gerezani, na hatakuambia kamwe.

Waganda wana mfano ambao hauwezi kufichwa. Susan Kigula alihukumiwa kifo mwaka 2002. Akiwa gereza la Luzira aliongoza shauri la wafungwa zaidi ya 400 waliokuwa wakingoja kunyongwa, na mwaka 2009 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakataa adhabu ya kifo isiyomwachia jaji nafasi ya kupima. Adhabu yake ikapunguzwa, akasoma sheria kwa masafa kupitia Chuo Kikuu cha London akiwa ndani, na akatoka Januari 2016. Hakubadilika kwa kuwa selo ilikuwa kali. Alipata vitabu na walimu.

Tuitazame basi njia ya anayetoka Kisongo leo asubuhi. Anahitaji kitambulisho cha NIDA. Kama hakuwa nacho alipoingia, anahitaji barua ya serikali ya mtaa ili akipate. Mwenyekiti anamuuliza anaishi wapi. Anahitaji chumba, na mwenye nyumba anataka kodi ya miezi kadhaa. Akienda kwao Akeri au Poli, anakuta ndugu wamegawana kihamba na kahawa yake imeng'olewa. Anataka kuwa mgumu, yaani abebe mizigo ya watalii Mlima Meru au Kilimanjaro. Kampuni inataka wadhamini na wakati mwingine hati ya polisi ya kuthibitisha kuwa hana rekodi ya jinai. Mashamba ya maua nayo yana fomu. Bodaboda anahitaji mwenye pikipiki wa kumwamini. Kila mlango peke yake una sababu ya maana. Simlaumu mwenye nyumba, wala mwenye pikipiki. Lakini ukiijumlisha milango yote, unakuta mtu mmoja tu aliyesema “karibu” bila kuuliza karatasi: rafiki yake wa zamani aliyemfanya aingie ndani.

Huko ndiko kurudi kunakotokea. Mara nyingi kunatokea katika wiki za mwanzo, na kunatokea kwa njaa. Kanuni za Mandela zililiona hili. Kanuni ya 107 inataka maisha ya baada ya kifungo yafikiriwe tangu siku ya kwanza ya kifungo, na ya 108 inataja vitu kwa majina: hati na vitambulisho, mahali pa kukaa, kazi, nguo zinazofaa hali ya hewa, uwezo wa kufika aendako. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo ambacho ni anasa. Afisa ustawi wa jamii akikaa na mfungwa miezi mitatu kabla hajatoka, akaandika NIDA yake, akampigia mjomba wake simu, kazi kubwa imeshafanyika.

Katiba yenyewe haisemi mwizi ni mwizi milele. Ibara ya 67 inamzuia kugombea ubunge mtu aliyefungwa kwa kosa la utovu wa uaminifu ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Baada ya miaka hiyo kizuizi hicho kinakwisha. Mtu huyo anaweza kutunga sheria za nchi, halafu sisi tunamkatalia kubeba gunia Soko la Kilombero.

“Akishatoka, ni juu yake mwenyewe”

Katika eneo hilohilo la Kisongo kulikuwa na kizuizi kingine, cha Umoja wa Mataifa, kwa ajili ya walioshtakiwa katika Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda. Mahakama hiyo iliundwa na Baraza la Usalama Novemba 1994, ikaendesha kesi zake Arusha na kufunga kazi mwishoni mwa 2015. Makosa yaliyokuwa mbele yake ni makubwa kuliko yote ambayo binadamu anaweza kuyatenda, na machozi ya Wanyarwanda hayajakauka. Iliwatia hatiani zaidi ya 60 na kuwaona 14 hawana hatia.

Likazuka swali ambalo hakuna aliyeliandalia jibu: aliyeachiwa huru, au aliyemaliza kifungo, aende wapi? André Ntagerura, aliyekuwa waziri wa uchukuzi wa Rwanda, aliachiwa na mahakama ya mwanzo mwaka 2004 na rufaa ikathibitisha hivyo mwaka 2006. Zaidi ya miaka 15 baadaye alikuwa bado Arusha, katika nyumba ya Umoja wa Mataifa, pamoja na wenzake ambao hakuna nchi iliyowataka. Wanne waliachiwa huru na wanne walikuwa wamemaliza adhabu zao, na wote nane wakahamishiwa Niger Desemba 2021 kwa mkataba uliotiwa sahihi mwezi mmoja tu kabla. Hata mwezi haukuisha, Niger ikatangaza kuwafukuza.

Siwatetei kwa lolote walilofanya, mahakama ilishasema. Nasema kwamba taasisi iliyokuwa na majaji wa dunia nzima na bajeti ya mamilioni ya dola ilijua kushtaki, kuhukumu na kufunga, ikashindwa siku iliyofuata mlango kufunguliwa, kwa sababu haikuipangia. Ikiwa wao walishindwa, mtu wa Daraja Mbili mwenye mfuko mmoja wa nguo ataimudu vipi peke yake?

“Na aliyeibiwa je? Yeye nani anamjali?”

Hili si dai la kubeza, na wanaotetea wafungwa mara nyingi hulikwepa. Mama aliyevunjiwa duka Kijenge anaitwa mahakamani kama shahidi, anapoteza siku za biashara, mshtakiwa anafungwa, naye anarudi nyumbani mikono mitupu. Serikali imepata mfungwa, yeye hajapata friji lake. Ana haki ya kukasirika.

Lakini tazama kifungu cha 348 cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai: mahakama inaweza kumwamuru aliyetiwa hatiani alipe fidia. Amri hizo zingetolewa zaidi, na zingekuwa na maana zaidi, kama aliyehukumiwa angekuwa na njia ya kulipa. Wazee wa Waarusha waliobishana juu ya ng'ombe wangapi walielewa kwamba mdaiwa lazima abaki na uwezo wa kufuga. Mama wa Kijenge atalipwa na mtu mwenye kazi. Hatalipwa na mtu anayejificha Unga Limited akila mara moja kwa siku.

Kwa hiyo nina ombi mahususi kwa Jiji la Arusha, Halmashauri ya Arusha na Halmashauri ya Meru. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Waliotoka gerezani hawatajwi katika mpango huo, ingawa wengi wao ni vijana wanaoweza kuingia kwenye vikundi. Madiwani wawaelekeze maafisa maendeleo ya jamii wapokee vikundi vyenye watu hao, waone orodha ya wanaokaribia kumaliza vifungo Kisongo, na wahakikishe anayedaiwa fidia analipa kidogo kidogo kutoka kwenye kazi hiyo. Wenyeviti wa mitaa wapewe maelekezo ya maandishi kwamba barua ya utambulisho inathibitisha makazi, na kifungo kilichokwisha si sababu ya kuinyima. Hayo yote yanaweza kuingia katika muhtasari wa kikao kimoja cha baraza la madiwani.